Ukokotoaji wa Uhamisho katika Mchapuko Sare: Mfano wa Mteremko wa Marangu, Kilimanjaro

Barabara itokayo Marangu kwenda Himo, mashariki mwa mji wa Moshi, huteremka kati ya migomba na mibuni hadi tambarare. Katika mteremko wa namna hiyo, ukokotoaji wa uhamisho si zoezi la daftarini tu. Huonyesha kama gari litasimama kabla ya kumfikia mtu anayevuka.

Uhamisho ni badiliko la mahali pa kitu, likipimwa kwa mstari mnyoofu na kwa kuzingatia mwelekeo. Mchapuko ukiwa sare, velositi, yaani kasi yenye mwelekeo, hubadilika kwa kiasi kilekile kila sekunde. Hivyo velositi ya wastani ni nusu ya jumla ya velositi ya mwanzo (u) na ya mwisho (v), na uhamisho (s) ni zao la wastani huo na muda (t). Muda usipojulikana, lakini mchapuko (a) ukijulikana, hutumika mlinganyo v² = u² + 2as.

Chukuliwe gari lililo kwenye kipande kilichonyooka, likienda mita 20 kwa sekunde, sawa na kilometa 72 kwa saa. Katika tambarare, breki zake hulipa mchapuko wa –4 m/s². Kwa kuwa v = 0, s = 400 ÷ 8 = mita 50. Kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, mvutano wa dunia hulisukuma gari chini kwa takriban 1 m/s². A hubaki –3 m/s², na s hufikia takriban mita 67. Kasi ikipunguzwa kwa nusu, uhamisho katika mteremko huohuo huwa takriban mita 17 tu, yaani robo, kwa sababu s hutegemea mraba wa u.

Hata hivyo, mlinganyo huu una sharti: mchapuko lazima uwe sare. Breki zinazokanyagwa mfululizo katika mteremko mrefu hupata joto na kupungua nguvu. Hapo a hubadilika, na gari huzipita zile mita 67. Ndiyo maana dereva makini huingiza gia ndogo tangu juu ya mteremko. Mwanafunzi naye hupaswa kuthibitisha sharti hilo kabla ya kuingiza tarakimu katika mlinganyo.