Tuijue Bima (2): Usitie saini kabla ya kujua janga gani limeandikwa

Wiki iliyopita tulieleza bima ni nini, na kazi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), yenye makao makuu hapa Dodoma, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Leo tunaingia kwenye bima mbili zinazomgusa mkazi wa mji huu moja kwa moja: ya gari na ya nyumba. Zote mbili zina kanuni moja. Mkataba hulipa janga lililoandikwa, kwa thamani iliyoandikwa. Anayesema "nina bima" bila kujua maneno hayo mawili bado hajui alichonunua.

Gari

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, haimlazimishi mtu kulikinga gari lake. Inamlazimisha kuwakinga wengine, ili anayeuawa au kujeruhiwa na gari hilo barabarani asikose wa kumfidia. Hiyo ndiyo bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi tunaiita bima ndogo. Kwa gari dogo la binafsi, ada iliyozoeleka miaka ya karibuni ni Sh118,000 kwa mwaka, VAT ikiwemo. Mikataba mingi huongeza pia uharibifu wa mali ya mtu mwingine, hadi kikomo kilichotajwa.

Sasa chukua dereva anayerudi kutoka Morogoro usiku. Amepita Gairo, amepita Kibaigwa, na ng'ombe anakatiza mbele yake. Taa zimevunjika, boneti imekunjamana, rejeta inavuja. Kama ana bima ndogo, fundi atalipwa kutoka mfukoni mwake, hata kama stika yake ni halali na trafiki hana neno naye. Gari likiibwa, hali ni hiyohiyo.

Ipo ngazi ya kati: bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Humfaa mwenye gari la zamani kidogo ambaye hofu yake kubwa ni kulipoteza lote. Juu yake iko bima kubwa, inayolipa pia ajali ya gari lako mwenyewe, hata kosa likiwa lako. Kiwango cha chini kilichozoeleka kwa gari la binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani. Gari la Sh20 milioni, basi, hulipiwa Sh700,000 kabla ya VAT.

Bima kubwa nayo ina mipaka. Kwa kawaida hailipi uchakavu, wala ajali ya dereva aliyelewa au asiye na leseni. Kosa linalowaponza wengi ni matumizi: gari limeandikishwa la binafsi, lakini mwenyewe analitumia kubeba abiria kwa nauli kwenda Kondoa au Mpwapwa. Likipata ajali katika safari hiyo, kampuni ina haki ya kukataa madai.

Nyumba

Hakuna stika ya nyumba ya kuishi, wala askari wa kuikagua. Ndiyo maana nyumba nyingi hazina bima, ingawa ndiyo mali kubwa kuliko zote ambazo familia itapata kumiliki. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, nyumba zimeota Iyumbu, Nzuguni, Ilazo na Nala, na nyingi zimejengwa kwa mkopo wa mshahara. Hapa naomba msomaji awe makini sana. Bima inayokatwa pamoja na mkopo huo mara nyingi ni ya maisha ya mkopaji: akifariki, deni hulipwa. Nyumba ikiungua naye yu hai, bima hiyo haihusiki, na deni linaendelea kukatwa.

Bima ya msingi ya jengo ni ya moto. Hulipa hasara ya moto, radi na baadhi ya milipuko. Tetemeko, mafuriko, upepo mkali na bomba lililopasuka huongezwa kwa kutajwa, mara nyingi kwa ada ya ziada. Kwa mji wetu nyongeza hizo ni jambo la lazima kufikiria. Dodoma imekaa kwenye mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa, na mwaka 2002 tetemeko liliitikisa. Mkoani Kagera, tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliacha maelfu ya familia bila nyumba salama. Mwenye mkataba wa moto peke yake hana cha kudai siku kama hiyo.

Nyufa zinazokuja polepole kwa sababu ya msingi dhaifu au udongo unaovimba na kusinyaa kwa kawaida hazilipwi. Piga picha za kuta zako leo na uweke tarehe, ili siku ya tetemeko mthamini aone kilichokuwepo na kilichozuka.

Vyombo vya ndani hukatiwa bima yake. Mpangaji hawezi kutegemea bima ya mwenye nyumba kwa friji, kompyuta na samani zake.

La mwisho ni thamani. Nyumba ambayo kuijenga upya kungegharimu Sh80 milioni ikikatiwa bima ya Sh40 milioni, hasara ya jiko lililoungua ya Sh20 milioni inaweza kulipwa Sh10 milioni tu, kwa kuwa uliandikisha nusu. Andikisha gharama ya kujenga upya, bila bei ya kiwanja, maana kiwanja hakiungui.

Basi kabla ya kulipa, mwambie wakala akuonyeshe kwenye karatasi mambo matatu: majanga yanayolipwa, yasiyolipwa, na kiasi utakachobeba mwenyewe katika kila hasara. Asipoweza kukuonyesha, tafuta mwingine.

*Wiki ijayo: namna ya kudai fidia, na pa kwenda madai yakikataliwa.*