Bodi ya Tipa Haina Huruma



Lori la kawaida likipelekwa gereji Mbarara ligeuzwe tipa la kubeba moramu ya barabara za Nakivale, sisi ndio tutakaolala chini yake. Basi tujue linavyofanya kazi.

Giaboksi huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta ndani ya jeki, jeki huinua bodi. Uzito wote umeshikwa na mafuta tu! Mpira wa mafuta ukipasuka, au mwenzetu akigusa mkono wa kushushia, bodi huanguka kabla hujapiga kelele. Haiulizi nani mkimbizi, nani mwenyeji.

Kwa hiyo, kabla ya kuingia chini yake: mzigo uishe, injini izimwe, na nguzo ya chuma isimamishwe kati ya bodi na chesisi. Gogo la mti halitoshi. Fundi afunge nguzo hiyo siku ile ile anapogeuza lori.

Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atulinde. Nguzo ni wajibu wake, si fadhila. Akikataa, tukatae pamoja: mmoja hufukuzwa, wote hatufukuziki.