Kumwandikia Wakala wa Akili Unde Mwongozo wa Barua Pepe

Barua pepe ndiyo njia kuu inayounganisha kamati za sharika, ofisi za miradi na wahisani walio mbali. Taarifa za robo mwaka, stakabadhi na orodha za wanafunzi wanaolipiwa ada hupita humo. Siku hizi kazi ya kusoma na kujibu barua hizo imeanza kukabidhiwa programu za akili unde. Kabla ya kuikabidhi, ni lazima kuandikwe mwongozo wa zana ya barua pepe ambayo programu itaitumia. Makala hii inaeleza mwongozo huo uweje.

Wakala wa akili unde ni nini?

Programu ya kawaida ya akili unde huulizwa swali ikajibu. Wakala huenda mbele zaidi: hupewa kazi, huchagua hatua na kuzitekeleza kwa zana alizopewa. Zana ya barua pepe huwa na vitendo kama kutafuta barua, kuisoma, kuandika rasimu na kutuma. Mwezi Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, wa kuunganisha zana na programu za akili unde. Katika utaratibu huo kitendo hutambulishwa kwa jina, maelezo mafupi na orodha ya mambo ya kujazwa. Maelezo hayo ndiyo mwongozo anaousoma wakala.

Mwongozo wa watu hautoshi

Karani mpya asipoelewa jambo humwuliza mwenzake, tena anajua bila kuambiwa kwamba barua ya mhisani haitumwi kabla mkubwa wa ofisi hajaiona. Wakala hana mazoea hayo. Anajua yaliyoandikwa, na akikuta pengo huweza kulijaza kwa kubahatisha. Hata hivyo mwongozo usiwe mrefu kupita kiasi, kwani wakala huusoma pamoja na kazi yenyewe, na nafasi yake ya kumbukumbu ina kikomo.

Mambo manne ya kuzingatia

1. Kila kitendo kiwe na kazi moja. Kuandika rasimu na kutuma viwe vitendo viwili tofauti. Maelezo ya kutuma yaseme wazi: "Kitendo hiki hutuma barua papo hapo, nayo haiwezi kurudishwa. Kitumike baada ya mhusika kuidhinisha rasimu."

2. Tarehe ziwe na mtindo mmoja. Kwetu 03/04/2025 ni tarehe 3 Aprili. Kwa mhisani wa Marekani ni tarehe 4 Machi. Mwongozo uagize kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-04-03.

3. Wapokeaji watofautishwe. Kumjibu aliyeandika si sawa na kuwajibu wote waliopata nakala. Jibu lenye majina ya wanafunzi na hali za familia zao likienda kwa wote, siri imekwisha kutoka.

4. Makosa yaelezwe pamoja na hatua ya kuchukua. Neno "imeshindikana" peke yake halisaidii. Mtandao ukikatika wakati wa kutuma, wakala anaweza kurudia, na mhisani akapata ombi moja mara mbili. Ujumbe wa kosa useme: "Haijulikani kama barua imetoka. Angalia kwanza zilizotumwa."

Maandishi si kufuli

Mtu yeyote mwenye anwani yetu anaweza kutuandikia, hata mwenye nia mbaya. Anaweza kuficha ndani ya barua maneno ya kumwagiza wakala atoe siri. Mwaka 2025 watafiti wa usalama walieleza udhaifu walioupa jina EchoLeak katika Microsoft 365 Copilot: barua pepe moja iliweza kuifanya programu ivujishe taarifa za ndani bila mwenye sanduku kubofya chochote. Kampuni ya Microsoft iliurekebisha.

Kwa hiyo mwongozo useme kwamba yaliyomo ndani ya barua ni habari ya kusomwa, si maagizo ya kufuatwa. Lakini sentensi hiyo pekee haitoshi, maana wakala anaweza kudanganywa. Kinga iwekwe ndani ya zana yenyewe: wakala wa kusoma tu asipewe uwezo wa kutuma, anwani za nje ziwe zile zilizokubaliwa, na barua isitoke bila idhini ya mtu. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka wajibu kwa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Taasisi haiwezi kujitetea kwa kusema kosa ni la programu.

Maswali ya kuuliza

Kamati au mhisani akielezwa kwamba wakala atashughulikia barua, aulize: Anaweza kutuma, au kuandika rasimu tu? Nani anaidhinisha? Mwongozo wake uko wapi, na nani anaurekebisha zana ikibadilika? Je, umejaribiwa kwanza kwenye sanduku la majaribio lisilo na barua za kweli? Pasipo majibu ya maswali haya, ni heri kazi hiyo iendelee kufanywa na karani.