Mabingwa wa Kuyeyuka na Wale Wanaoua

Heli haigandi kwa baridi peke yake. Ipoze hadi ukingoni mwa nyuzijoto hasi 273, ambapo baridi yenyewe hufika mwisho, na bado itakuwa kimiminika. Mwaka 1926 huko Leiden, Uholanzi, Willem Keesom aliigandisha, lakini ilimbidi aibane pia: kanieneo inayotakiwa ni kama mara 25 ya ile ya hewa tunayovuta. Anayefuata ni hidrojeni, inayoyeyuka kwenye hasi 259. Upande wa chini, basi, hauna ubishi.

Kesi iko upande wa juu. Kwa miongo mingi vitabu viliupa taji mchanganyiko wa kabidi za tantali na hafni. Mwaka 2016 watafiti wa Imperial College London walizipima upya kwa leza, kwa kuwa katika joto lile hakuna chungu kinachosalimika. Leza huyeyusha doa dogo tu, na sehemu iliyobaki ya kitu chenyewe ndiyo inayolibeba. Kabidi ya hafni ikapata nyuzijoto 3958, na mchanganyiko wa zamani 3905. Tofauti ni nyuzi 53, ilhali kosa la kipimo ni nyuzi 80 na ushei. Mimi ningesema mechi ilikwisha sare.

Katika metali za kawaida, tangisteni inaongoza kwa 3422 na zebaki inashika mkia kwa hasi 39. Gali huyeyuka kwenye 29.8, kwa hiyo mchana wa Februari pale Dar es Salaam itakuwa maji mezani kabla hujaigusa.

Ila anayepima kemikali kwa ajili ya usalama hana haja na mabingwa hawa. Sheria ya kemikali ya Umoja wa Ulaya haimlazimishi mtu kupima chini ya nyuzijoto hasi 20. Juu nako, kitu kikipita 300 bila kuyeyuka, kipimo cha kanieneo ya mvuke wake husamehewa, maana hakitarajiwi kujaza hewa ya chumba. Na katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali, kinachoyeyuka kwenye nyuzi 20 au chini yake, kama si gesi, kinahesabiwa kimiminika. Maamuzi ya chombo gani kibebe nini, na nini kitafanyika kikimwagika, huanzia hapo.

Kipimo chenyewe ni cha kizamani na kizuri kukitazama. Unga mkavu hushindiliwa ndani ya mrija wa kioo mwembamba kama sindano, uliozibwa upande mmoja, unga ukifika kimo cha milimita chache tu. Joto linapandishwa taratibu, karibu na mwisho nyuzi moja kwa dakika. Unga hunywea kwanza, ukaachana na kioo. Kisha tone la kwanza. Kisha wote unang'aa kama maji. Mpimaji huandika namba mbili, ya mwanzo na ya mwisho. Kitu safi namba zake hukaribiana sana. Kikiwa na uchafu, huyeyuka mapema na kwa kusuasua, na hapo muuzaji aliyechakachua dawa ameshaumbuka.

Sasa wauaji. TNT, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1863 na kutumika kama rangi ya njano, huyeyuka kwenye nyuzi 80, na haianzi kuharibika hadi karibu 240. Kwa sababu ya nafasi hiyo pana, viwanda vya silaha viliiyeyusha kwa mvuke wa maji na kuimimina ndani ya mabomu kama uji. Fosforasi nyeupe huyeyuka kwenye 44, lakini hewani hushika moto hata kabla ya kufika hapo, ndiyo maana huhifadhiwa ndani ya maji.

Naitrogliserini, kwangu mimi, ndiyo iliyowaponza watu kuliko zote. Huganda kwenye nyuzi 13 hivi, yaani asubuhi yoyote ya baridi Ulaya au Amerika Kaskazini. Wachimba migodi walikuta baruti ya Alfred Nobel, iliyotengenezwa kwa naitrogliserini, imekuwa ngumu, wakaisogeza karibu na jiko ilainike, na wengi hawakutoka hapo. Dawa ilipatikana kwa kuichanganya na ndugu yake inayoganda kwenye hasi 22.

Kwetu anayefanana naye, kwa upole zaidi, ni asidi ya asetiki isiyo na maji. Huyeyuka kwenye 16.6: Mombasa haigandi kamwe, lakini asubuhi ya Julai katika maabara ya Nairobi chupa inaweza kukutwa imejaa kitu kama barafu. Iweke katika maji ya uvuguvugu, kifuniko kikiwa kimelegezwa kidogo, na jiko liwe mbali. Mvuke wake unaweza kuwaka kuanzia nyuzijoto 39 hivi.