Michoro ya Miambani na Matambiko ya Kolo: Urithi Mmoja, Wajibu wa Wote

Mwaka 2006 Shirika la UNESCO liliingiza michoro ya miambani ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo lililotambuliwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Wakazi wengi wanalifahamu jambo hilo. Lisilofahamika sana ni kwamba eneo hili lilikubaliwa kwa sababu mbili, na sababu zote mbili zinamhusu mwananchi wa kawaida.

Sababu ya kwanza ni michoro yenyewe. Iliyo mingi ni ya rangi nyekundu, iliyotokana na udongo wenye kutu ya chuma, nayo huonyesha tembo, twiga, pofu na watu wenye nywele zilizopambwa. Wataalamu huihusisha na jamii za wawindaji na waokota matunda. Michoro meupe, kama ile ya Pahi, ni ya karibu zaidi na huhusishwa na wakulima waliofika baadaye. Katika miaka ya 1950 Mary Leakey alinakili mamia ya michoro hiyo, na mwaka 1983 akaichapisha katika kitabu ambacho jina lake lenyewe lilionya kwamba sanaa hii inatoweka.

Sababu ya pili ni mila zilizo hai. Katika Mungomi wa Kolo, wenyeji wangali wakipanda kuomba mvua na kutafuta uponyaji. Humo mna mchoro mashuhuri wa watu watano, mmoja akiwa katikati na wengine wamemshika pande zote mbili. Wapo wanaosema ni mtu anayetekwa. Wapo wanaosema ni ngoma ya uponyaji. Kwa hiyo tambiko ni sehemu ya thamani ya mahali hapa, wala si mgeni ndani yake. Anayetaka kulipiga marufuku huondoa nusu ya urithi.

Hata hivyo, lipo tatizo la kweli. Rangi hizi zimekaa juu ya uso wa jiwe, na zikishatoka hazirudi. Pombe ya mtama inayorushwa ukutani, mafuta ya mnyama wa kafara na moshi wa moto uliowashwa chini ya mwamba hufunika rangi na kuila taratibu. Wapiga picha wanaomwagia mchoro maji ili ung'ae hutenda kosa lile lile, maana maji hubeba chumvi ya jiwe na kuacha utando mweupe. Tena wapo waliochimba mashimo ndani ya mapango kwa kuamini uvumi wa hazina iliyofichwa na Wajerumani. Waliyoyaharibu ni matabaka ya udongo yanayohifadhi habari za wakazi wa kale.

Njia ya kutunza vyote viwili ipo, nayo haina gharama kubwa:

Wazee wa matambiko wakubaliane mapema, kabla ya msimu wa mvua, na serikali ya kijiji pamoja na ofisi ya Kolo inayosimamia michoro kuhusu siku na mahali pa shughuli. Sadaka na kinywaji viwekwe chini, mbali na ukuta wenye michoro, na moto uwashwe nje ya pango.

Mgeni apelekwe kwanza ofisi ya Kolo, alipe ada na kupewa mwongozaji. Mgeni anayepitishwa kichochoroni huikosesha serikali mapato, na akiharibu hakuna wa kumwajibisha.

Wazazi na walimu wawaonye watoto wasichore majina kwa mkaa, wala kugusa ukuta kwa mikono.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba au kuharibu eneo la kale bila kibali. Mwananchi akiona shimo jipya au watu wenye sururu pangoni, atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji siku hiyo hiyo. Ukimya wa wiki moja unatosha kupoteza kilichodumu maelfu ya miaka.

Mvua huombwa kila mwaka. Ukuta uliochorwa hatujaliwi mwingine.