Waya wa shaba unaosema na dunia



Kila mtu pa Lubumbashi anajua radio ya kusikiliza. Asubuhi mama anaiwasha wakati anapika chai, mangaribi baba anatafuta habari. Radio inasema, sisi tunanyamaza. Lakini kuko radio ingine, ile ya kujibu. Unaita mu mikro, unangoja kidogo, na mtu wa Brazili ao wa Japani anakujibu: "Nakusikia vizuri, uko inchi gani?" Kati yenu hakuna kampuni ya telefone, hakuna intaneti, hakuna initi za kununua. Kuko sauti yako, mashine ndogo, betri ya gari, na waya wa shaba uliofungwa kati ya miti miwili ya maembe.

Watu wanaopenda kazi hii wanaitwa kwa Kifaransa radioamateurs. Humu tutawaita wapenda-radio. Duniani wanahesabiwa karibu milioni 3. Kuko mapadri, wauguzi, mafundi wa mitambo, bamama wa nyumbani, wanafunzi. Hakuna anayelipwa. Sheria yao ya dunia nzima ni hii: mazungumzo hayawezi kuwa ya biashara, na kila mtu anajitaja kwa alama yake. Alama za Kongo zinaanza na 9Q. Jirani zetu wa Zambia wako na 9J, Tanzania 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Wakati wa Wabelgiji alama ya Kongo ilikuwa OQ5.

SI MAMBO YA KIGENI

Wengine watasema: "Hayo ni mambo ya Wazungu." Hapana. Muji wetu ulizaliwa pamoja na radio. Elisabethville ulianzishwa mu 1910. Mbele ya vita ya 1914 mafundi walikuwa wamekwisha kujenga masteshoni ya simu bila waya, ile TSF, ku Kongo, ili muji huu wa shaba usikilizane na Boma, penye ilikuwa serikali. Ku Ubelgiji, fundi Robert Goldschmidt alijenga steshoni kubwa pa Laeken ili kusema na Kongo. Ni kutoka steshoni ile ile ndipo tarehe 28 Machi 1914 walitoa muziki hewani kwa heshima ya Malkia Elisabeth, yule aliyepewa muji wetu jina lake la zamani. Miezi mitano kisha, Wabelgiji wenyewe walivunja steshoni ile, ili isiingie mu mikono ya majeshi ya Wadachi.

Kisha Vita ya Pili, Wasalesiani wa Collège Saint-François de Sales, penye leo tunaita Institut Imara, walikuwa na radio yao, Radio-Collège. Na ku missioni za mbali, foni ndiyo ilikuwa uzi wa kuunganisha watu: kuomba dawa, kutangaza kifo, kuuliza kama motokari imefika. Wazee waliotumika na foni wangali katikati yetu. Mikono yao inajua kazi ambayo vijana hawajapata kuiona.

Tena kumbuka hii: antene za wapenda-radio wengi duniani ni waya wa shaba. Shaba inatoka hapa, inapita Kasumbalesa, inaenda. Tunajua kuichimba. Tujue pia kuifanya iseme.

KLABU INAFANYA NINI?

Mpenda-radio anaweza kufanya kazi peke yake mu chumba. Lakini furaha yake iko mu klabu. Ku inchi ambako klabu zimesimama, kwa mufano Amateur Radio Society of Kenya ao Radio Society of Zambia, watu wanakutana kwa mashauri, masomo na karamu. Sikia michezo na kazi za klabu.

Mkutano wa hewani. Kwa saa moja iliyopangwa, wote wanawasha mashine. Mmoja anaongoza, anaita majina kimoja kimoja, kila mtu anapata zamu yake. Hakuna kukatana maneno. Mtoto wa miaka 15 na mzee wa miaka 70 wanangojeana sawasawa. Familia ngapi mezani zinafanya vile?

Siku ya antene. Wanaleta waya, kamba, kalipima ya mita. Hesabu yake inafundishwa mu dakika tano: kwa mawimbi ya megahezi 7, unakata vipande viwili vya mita 10, jumla mita 20, kwa megahezi 14, nusu yake. Wimbi linapanda mpaka tabaka ya juu ya hewa, kilometa mia na zaidi, ile inayochomwa na jua. Kule linarudishwa chini, sawa mupira unaogonga ukuta. Njo maana sauti ya Lubumbashi inaweza kupita juu ya pori lote na kuangukia Kinshasa, karibu kilometa 1 500. Masomo ya fizika yaliyokuwa chaki tu ku kibao, leo unayagusa kwa mikono.

Kuwinda mbweha. Hii watoto wanaipenda sana. Mmoja anaficha mashine ndogo mu majani, inapiga alama kila mara. Wengine wanashika antene mu mkono, wanageukageuka, wanatafuta upande sauti inatoka, wanakimbia. Wa kwanza kuifikia ameshinda. Mbio, ramani na akili vinaungana.

Mashindano ya usiku na mchana. Kila mwaka, mwisho wa Oktoba, kuko saa 48 za kutafuta inchi nyingi iwezekanavyo. Wanapokezana ku mashine, wengine wanalala, wengine wanapika. Bukari, samaki na munkoyo vinapita. Wanaotoka Afrika wanatafutwa sana, kwa sababu ku inchi nyingi zetu wapenda-radio ni wachache.

Kadi za posta. Kisha mazungumzo, wanatumiana kadi yenye alama, tarehe, saa na picha ya fasi. Ukuta wa klabu unakuwa ramani ya marafiki.

Na Skuti? Tangu 1958, Maskuti wa dunia wanakutana hewani kila mwaka. Mwanzilishi alikuwa Les Mitchell, Mwingereza, skuti na mpenda-radio, aliyepata wazo lile ku Jamboree ya 1957. Leo inafanywa mu wikendi ya tatu ya Oktoba. Vijana wa parokia, Maskuti na Kiro, mufikirie: jioni moja na dunia nzima, bila kununua tikiti ya ndege.

SAUTI SAA YA TAABU

Usifikiri ni mchezo tu. Mu Desemba 2004, mama mmoja wa India, Bharathi Prasad, alikuwa ku visiwa vya Andaman pamoja na wenzake, wakiongea na dunia kwa radio yao. Tarehe 26 ilikuja tsunami. Telefone zilikatika. Yeye aliacha mchezo wake, akatumia antene ile ile kupitisha habari za watu: nani yuko muzima, nani anatafutwa, nini kinahitajika. Siku nyingi aliendelea.

Angalia vizuri: mashine yake haikununuliwa kwa ajili ya taabu ile. Ilikuwa ya furaha. Lakini kwa sababu alikuwa amezoea, saa ya taabu mikono yake haikutetemeka. Njo kazi ya klabu: kuzoea mbele ya siku mbaya. Sisi wa Katanga tunajua barabara inayokatwa na mvua, moto wa SNEL unaozimika, mtandao wa telefone unaonyamaza. Klabu yenye betri na plake ya jua inaendelea kusema.

Kanisa pia liliwatoa watu wa kazi hii. Padri Marshall Moran, Mjesuiti wa Marekani, alifundisha watoto ku Nepal, na wapenda-radio wa dunia nzima walimjua kwa alama yake 9N1MM mpaka kufa kwake mu 1992. Na Mtakatifu Maximilian Kolbe, yule aliyejitoa kufa fasi ya baba mmoja wa jamaa pa Auschwitz tarehe 14 Agosti 1941, alikuwa na alama SP3RN. Wapenda-radio wengi wanamwita msimamizi wao.

SATELITI JUU YA KICHWA CHETU

Vijana, hapa musikilize sana. Mu Novemba 2018 sateliti ya inchi ya Qatar ilipandishwa, na ndani yake mafundi waliweka chombo cha wapenda-radio. Wanakiita QO-100. Kinasimama kilometa 36 000 juu, ku digrii 26 za mashariki. Lubumbashi iko ku digrii 27 na nusu! Maana yake, kinaning'inia karibu juu ya kichwa chetu, upande wa kaskazini kidogo. Kwa antene ya sahani sawa ile ya televizyo, kipokezi kidogo na ordinatere, unaweza kuwasikia watu wa Afrika, Ulaya na mpaka Brazili wakizungumza. Wa Ulaya wanainamisha sahani zao chini kututafuta sisi. Yetu inaangalia mbinguni.

Kuko tena kituo cha anga cha kimataifa, kinachozunguka dunia kila dakika 90. Tangu Desemba 2000, wana-anga wake wanajibu maulizo ya wanafunzi kwa radio. Kikipita juu yetu, radio ya mkono ya megahezi 145,8 inatosha kuwasikia, kama wanasema saa ile.

WAZAZI WANAULIZA

Haitatuletea matata na serikali? Italeta, kama mtoto anasema hewani bila ruhusa. Mu inchi yetu mambo haya yanaongozwa na sheria nambari 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Mashine ya kutoa sauti inahitaji kibali, na mtu asiye nacho anaweza kudhaniwa mpelelezi. Kwa hiyo klabu itembee mchana: jina lake lijulikane, majina ya wakubwa wake yajulikane, daftari ya mazungumzo iandikwe.

Na radi? Swali zuri. Kati ya Novemba na Aprili, mbingu ya Katanga haichezi. Wingu jeusi likionekana, mtu anachomoa antene ku mashine na kuitupa inje. Hangoji ngurumo ya kwanza. Tena waya wa antene usipite kamwe karibu na waya za SNEL, wala juu yake, wala chini yake. Mtoto asipande muti peke yake.

Ni kazi ya wavulana? Uliza Bharathi Prasad.

Feza je? Mashine ya kutoa sauti ni bei, njo maana ni ya klabu, si ya mtu mmoja. Lakini kusikia si bei. Na waya, kamba, akili, viko hapa.

NAMNA YA KUANZA

Kwanza, mukusanyike watu watano ao sita, vijana na angalau mzee mmoja aliyejua foni ao umeme. Pili, muanze kwa kusikiliza: radio moja ya mawimbi mafupi, daftari, saa. Saa ya wapenda-radio ni moja dunia nzima. Sisi wa Lubumbashi tunaipita kwa saa mbili, basi ku kwetu saa nane ya mchana, kwao wanaandika 12. Tatu, mujifunze: hesabu ya antene, alama za Morse, Kifaransa na Kiingereza kidogo cha hewani. Ine, muombe kibali ku wakubwa wa telekomunikasio mbele ya kununua mashine ya kutoa sauti, si kisha. Tano, mufanye siku ya wazi pa parokia ao pa masomo, wazazi waone, waonje, waulize.

Kila mwaka tarehe 18 Aprili ni siku ya wapenda-radio duniani, kwa kukumbuka umoja wao uliozaliwa Paris mu 1925. Ni tarehe nzuri ya kujiwekea.

Vijana, mutu mwenye kazi hakosi kutafuta feza yake, na asiye na kazi anakosa hata pa kukaa mangaribi. Klabu haitakupa mshahara. Itakupa ufundi mu vidole, marafiki wa mbali, na masikio ya kungoja zamu. Na ninyi wazee wa foni, musikufe na kazi yenu mu mifuko. Kuko mtoto ku avenyu yenu anayefungua radio mbovu na kisu, anatafuta sauti inatoka wapi. Mumwite.