Je, Wajua? Ulimi wenye umbo la kopa
Mwambie mtoto wa darasa la pili pale Umwe, Rufiji, atoe ulimi. Ncha ikibonyea katikati mfano wa kopa, huenda utando wa chini ya ulimi ni mfupi na umeubana. Mtazame akila embe: ulimi haufiki kulamba maji yanayochuruzika mdomoni. Sauti ya r inaweza kumtatiza, ingawa wengi husema vizuri tu.

Utando huo si kilimi! Kilimi kiko kooni. Kukikata kwa mganga kunaweza kuleta damu nyingi na maambukizi, na ulimi ukabaki vilevile.

Tiba ikihitajika, mtoto mchanga hukatwa utando wa chini ya ulimi kwa sekunde chache. Mkubwa hupigwa ganzi au hulazwa usingizi, na mara nyingi hushonwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Kisha mazoezi ya ulimi.